Miti Tuliyopanda Katika Shamba la Kukodi

Siku mliponiaga mliweka ukutani picha ya kilima cha Nyamitaba chenye mistari ya miti ya grevilea, mkapiga makofi. Mkuu wa kitivo akasema mistari ile ndiyo kazi ya maisha yangu. Mimi niliangalia viatu vyangu. Mmoja wenu alidhani nalia kwa furaha, akaniletea karatasi ya kujifuta. Ilikuwa aibu, wadogo zangu, aibu ya kawaida kabisa inayochoma masikio. Sasa kwa kuwa sina tena ofisi wala mkutano wa Jumatatu, nimeona niieleze kwa utaratibu, ili mtakapopanda milimani mwende mkijua.

Vyeo vyangu sitavitaja. Mlivisoma wenyewe siku ile, hata mkaongeza kimoja ambacho sikuwahi kupewa.

Nilikuja Goma kutoka upande wa Butembo, binti wa wakulima wa viazi wa Lubero, nikiwa na diploma ya kilimo na buti mpya zilizonizidi miguu. Siku ya kwanza walinikabidhi kwa Papa Désiré, fundi wa udongo wa taasisi yetu, mzee mfupi aliyekuwa na tabia ya kuonja udongo kwa ulimi kabla ya kuutia kwenye mfuko wa maabara. Alizitazama buti zangu kwa muda.

"Hizi ni za kutembea ao za kuonyesha bantu?" aliuliza.

Kazi yake ya kwanza kwangu ilikuwa kunifundisha kutengeneza fremu ya A. Mnaicheka leo kwa sababu mna setilaiti, lakini ni chombo kizuri: vijiti viwili virefu na kimoja cha katikati, kamba, na jiwe linaloning'inia. Unaitembeza mlimani mguu kwa mguu, na jiwe likitulia katikati unajua uko usawa uleule. Hivyo ndivyo unavyopata mstari ambao maji ya mvua hayatauruka. Nilitengeneza fremu yangu siku nzima, na jioni Papa Désiré akaniambia inafaa kuanikia nguo. Ya pili alikubali kuishika.

Alikuwa na desturi nyingine. Kabla ya kuingia shamba lolote alisimama pembeni akaita hodi, hata kama hakuna mtu. Anaita, anangoja, anaita tena, halafu anamtafuta mtu wa karibu na kumwuliza udongo ule ni wa nani na nani analima. Tulipoteza asubuhi nzima kwa hodi zake. Mimi niliona ni mambo ya uzee, na alipostaafu, hodi zikastaafu naye.

Niseme pia habari ya kuku, kwa sababu hakuna ripoti inayoitaja. Kila tulipofika kijijini kuuliza maswali, watu walichinja. Tunakuja kuandika kwamba watoto wa mahali hapa hawapati chakula cha kutosha, na watoto wenyewe wamesimama mlangoni wanatuangalia tukila kuku wao. Mimi, kwa sababu niliitwa enjenieri, niliwekewa firigisi, kipande ambacho baba wa nyumba ndiye hukila. Kukataa ni kumtukana mwenyeji. Kwa hiyo nilitafuna nikiangalia sahani, na baadaye katika gari wenzangu wakazungumza juu ya utapiamlo. Nimekula kuku wengi kwa namna hiyo, na hata mmoja sijamsahau.

Sasa nifike Nyamitaba. Taasisi ilikuwa imeanza utafiti wa kuzuia udongo kushuka na mvua. Tulikuwa wa fani mbalimbali: mimi wa kilimo, kijana mmoja wa sheria tuliyemwita Maître Josué, watu wa kompyuta waliobaki Goma kuchora ramani, na juu yetu wote Profesa. Tulitafuta mashamba ya majaribio kwenye miteremko, na lililofaa kupita yote lilikuwa lile alilolima Mama Riziki.

Mama Riziki alikuwa mjane, mwenye watoto wa kusomesha na sauti ya chini ambayo uliisikia vizuri tu akiimba kanisani. Shamba halikuwa lake. Alikodi kwa Papa Bauma, mwenye ng'ombe aliyekuwa akikaa Sake, tangu mume wake akiwa hai. Sheria ya kukodi kule inajulikana na kila mtu. Aliyekodi anapanda vitu vya msimu: maharagi, mahindi, viazi. Hapandi ndizi, hapandi kahawa, hapandi mti. Anayepanda mti anasema udongo ni wake, na hata asipofungua kinywa mti umeshasema. Hata kwetu Lubero ni vilevile. Mimi niliijua sheria hii kabla ya kujua kusoma.

Mwanzoni tulifanya vizuri. Tulipanda majani ya matete kwenye mistari, tukashuka Sake kumweleza Papa Bauma, akakubali mara moja, kwa kuwa matete ni chakula cha ng'ombe. Alitupa maziwa ya kunywa. Wakati wa kurudi Goma, kwenye kizuizi cha Mubambiro, askari walitaka kujua fremu yangu ya A ni silaha gani, na Maître Josué aliwaeleza kwa Kifaransa kirefu hadi wakachoka wakatuachia.

Halafu Profesa alirudi kutoka safari na wafadhili wapya. Hao walipenda miti. Majani hayakuwapendeza, nadhani hayaonekani vizuri kwenye picha. Ikaamuliwa matete yang'olewe na mahali pake ipandwe grevilea. Mvua zilikuwa zimeanza, miche ilikuwa imefika kwenye lori, simu ya Papa Bauma haikupatikana, na barabara ya Sake ilikuwa tope tupu. Tulijadiliana dakika chache, tumesimama kando ya lori. Mtu mmoja akasema kwamba mti wa mradi si mti wa mtu. Tulilipenda sana neno hilo. Lilikuwa fupi, na lilitupumzisha sisi sote.

Tukapanda. Kisha, kama kawaida ya miradi, tukasimamisha kibao. Wafadhili hudai kibao. Juu palikuwa na jina la mradi, katikati alama zao, na chini, kwa herufi kubwa za bluu, kwa sababu tulitaka kumheshimu mkulima: SHAMBA LA MAMA RIZIKI.

Alikuja kukiona akiwa na jembe begani. Alikiangalia, akanivuta pembeni.

"Mama Enjenieri, ile mbao, mungeiweka kule ku njia, karibu na kanisa. Hapa ku shamba aifai."

"Usione haya, Mama," nikamwambia. "Ni jina lako. Ni heshima."

"Sawa," akasema. Alikuwa amekwisha kupokea mbegu zetu na hakuwa mtu wa kumbishia mgeni mara mbili. Nilipiga picha yake kando ya kibao, na katika picha hiyo hacheki.

Miche ilishika. Ilikuwa imefika magotini mtoto wa Papa Bauma alipopita pale, akapiga picha kwa simu, akamtumia baba yake. Tulikuwa shambani tukipima udongo siku mzee alipopanda mlima. Alikuja na wazee wawili na mchungaji wa kanisa, amevaa koti. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alitusalimia mmoja mmoja, akaniuliza habari za nyumbani, akaenda kusimama mbele ya kibao na kukisoma chote, hata alama za wafadhili. Kisha akamgeukia Mama Riziki.

"Mama, uvune maharagi yako yote, hakuna muntu atakusumbua. Ukimaliza, utafute fasi ingine."

Mama Riziki alipiga magoti palepale kwenye maharagi. "Papa, mi sikupanda ata mumoja. Siyo mi."

"Jina iko ya nani?"

Mimi niliingilia, nikasema miti ni yetu, ni utafiti, hakuna anayedai udongo wake.

"Mama Enjenieri," akaniambia kwa upole, "wewe uko mutoto wa mulimi. Kwenu muntu akipanda miti mu shamba ya baba yako, akaandika jina yake juu, baba yako atasoma nini?"

Masikio yaliniwaka mbele ya watu. Maître Josué, aliyekuwa mgeni wa mambo haya na mwenye moyo mzuri, alidhani ananiokoa. Alieleza kwamba kwa sheria udongo wote wa nchi ni wa Leta, yaani serikali, na kwamba tunaweza kuandika mkataba, Mama Riziki akasaini kwamba miti si yake.

"Leta anakaa wapi?" Papa Bauma akauliza. "Anionyeshe, nimupelekee maharagi." Wazee wakacheka, hata mchungaji akacheka kidogo. "Na mukataba mutaubeba Goma. Miti itabaki hapa. Mi nikikufa, batoto yangu na batoto ya huyu mama bataangalia miti, abataangalia karatasi."

Nikauliza anataka nini. Akasema jambo lililo katika desturi yao. Aliyepanda ndiye atakayeng'oa, kwa mikono yake, mbele ya watu, na Mama Riziki asiguse. Ikifanyika kabla ya kupanda maharagi ya msimu unaofuata, ataendelea kulima kama zamani. Isipofanyika, shamba litapewa mtu mwingine. Mvua zilikuwa karibu. Mama Riziki hakuwa na shamba jingine.

Nilipanda hadi kule juu kwenye mtandao nikampigia Profesa. Alinisikiliza, kisha akasema siwezi kung'oa jaribio katikati, data zote za nyuma zitakuwa bure, nisubiri awaandikie wafadhili. Nikamwambia mvua haitasubiri barua. Akasema tutamtafutia mama shamba jingine. Nikamwuliza wapi, na kwa kukodi kwa nani, baada ya jina lake kutangazwa mlima mzima kuwa ni mtu wa kunyang'anya udongo. Akasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Tuling'oa. Siku hiyo watu walikuja kama wanakuja misa, walikaa juu ya mteremko, wanawake na mizigo yao, wachungaji wa ng'ombe na fimbo zao. Papa Bauma aliketi kwenye kiti kilicholetwa kutoka kwa mchungaji. Mimi na Maître Josué na dereva tulianza mstari wa juu. Grevilea changa haing'oki kirahisi. Unachimba pembeni, unaushika chini kabisa, unavuta kwa mgongo. Maître alikuwa amevaa viatu vya ngozi na alianguka mara nyingi. Kila alipoanguka watu walishangilia. Mimi, mtu mzima, enjenieri, nilitambaa kwenye tope nikiharibu kazi niliyoipanga mwenyewe, na mama mmoja nisiyemjua akasema kwa sauti: "Sasa njo bako natumika," yaani sasa ndiyo wanafanya kazi. Wote wakacheka. Alisema kweli pia, hawakuwa wamewahi kutuona tukifanya kazi kwa mikono.

Mama Riziki alisimama mbali, mikono nyuma, kila mtu aione kwamba haigusi miti. Alisimama hivyo kazi yote. Hakuna aibu iliyonipata siku ile iliyozidi kuiona ile mikono yake nyuma, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kizuizini. Kibao niliking'oa mwisho, nikakigeuza herufi zitazame chini.

Kisha Papa Bauma akainuka. Akashuka polepole hadi penye lundo la miche, akachukua mmoja, akaiangalia mizizi yake.

"Iko mizuri," akasema. "Munipe."

Tulidhani ataipeleka Sake. Hapana. Akavua koti, akaenda kwenye mashimo yetu yaleyale, kwenye mistari yetu ileile, akaanza kuirudisha. Watoto wake wakamsaidia. Kufikia jioni kilima kilikuwa kama tulivyokikuta asubuhi, isipokuwa kibao hakipo na miti ina mwenyewe. Mama Riziki alipanda maharagi yake katikati. Nilirudi Goma nikiamini tumeponyoka.

Profesa alifurahi kupita kiasi. Jaribio lilikuwa hai. Tena lilikuwa limepata kitu ambacho watafiti wote wanakililia: mkulima aliyepanda mwenyewe bila kulipwa. Katika makala iliyotoka baadaye imeandikwa kwamba mwenye shamba, baada ya kuona faida, alikubali mbinu na kuipanda upya kwa hiari yake. Kila neno hapo linaweza kutetewa. Jina langu ni la pili. Mama Riziki hayumo. Nilisoma rasimu kabla haijatumwa, nikasahihisha jina la kisayansi la grevilea, nikairudisha.

Na mbinu ilifanya kazi. Hilo ndilo baya lake. Udongo uliacha kushuka. Maharagi yaliyokuwa ya manjano yakawa ya kijani hadi bondeni. Kilima kilichokuwa cha kukodisha kwa mjane, kwa sababu hakuna mwenye uwezo aliyekitaka, kikawa shamba zuri kuliko yote upande ule. Mtoto wa Papa Bauma alipooa, baba yake akampa. Mzee hakuvunja neno lolote. Alimwachia Mama Riziki avune, akamshukuru mbele ya watu. Nilipata habari hizo kwa simu, kutoka kwa mchungaji, nikiwa katika semina juu ya faida za miti kwa wakulima wadogo. Nikarudi ukumbini, ilikuwa zamu yangu ya kuzungumza, nikazungumza.

Halafu vita vilisogea, watu wakasambaa, na sikumsikia tena.

Kazi yangu ya mwisho, baadhi yenu mlikuwepo, ilikuwa Walikale, ule utafiti wa haki za wachuuzi na wakulima kando ya machimbo. Tulifika Mubi kwa pikipiki, tope hadi nyusi. Nakumbuka maduka ya jamaa zangu wa Butembo yamepangana kando ya barabara, malori yanashusha mafuta na sabuni, na ninyi mmewasha tablet zenu mnamtafuta mtu wa kuhoji. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maharagi chini ya hema la plastiki akasimama.

"Mama Enjenieri!"

Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ileile. Alinikumbatia pamoja na tope langu. Akaniuliza habari za watoto, akaniuliza kama Maître alijifunza kutembea milimani. Mimi sikupata la kuuliza. Nilijua yote, au niliyajua ya kutosha.

"Na ile miti?" akauliza.

"Imekuwa mikubwa, Mama."

"Na udongo?"

"Haushuki tena."

Akapiga makofi, kwa furaha kabisa, akamgeukia mwenzake aliyekuwa akiuza unga wa muhogo pembeni. "Unasikia? Huyu njo ule Mama nilikuambia. Alitufundisha miti inashika udongo, na ilishika! Hawa si bantu ya bongo," yaani si waongo. Kumbe miaka yote hiyo amekuwa akitutetea sokoni, watu tuliompotezea shamba. Nilitamani ardhi inimeze na pikipiki yangu.

Yule mwenye muhogo alinikaribia kwa heshima. Alikuwa na shamba nyuma ya Mubi, kwenye mteremko, mvua inambebea kila kitu. Akaomba tumletee miche.

"Udongo ni wa nani, Mama?" nikamwuliza.

"Ni wa kukodi, ku papa mumoja wa hapa."

Nilimwangalia Mama Riziki. Alikuwa ameinama, anachagua mawe katika maharagi.

"Basi usipande miti," nikasema. "Usipande hata mmoja. Panda matete, na kwanza uende umwulize mwenyewe."

Yule mama alivunjika moyo, kama mtu aliyenyimwa kitu ambacho wenzake walipewa. Mama Riziki hakuinua macho.

"Ile njo mungetuambia siye pia," akasema.

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kuchagua mawe. Wawili wenu mlikuwa nyuma yangu na tablet mkononi, na tulipofika penye pikipiki mkaniuliza kama maneno yale nayo yanaingia katika data, kwa sababu hapakuwa na swali linalolingana nayo. Siku ile sikuwajibu. Nawajibu leo: yaandikeni, hivyo hivyo alivyoyasema, na jina langu chini yake.